Sura ya Saba: Bei ya Jibu la Haraka

Walioitunga XML walisema mapema kwamba ubahili wa nafasi haukuwa shughuli yao. Waraka rasmi wa XML 1.0, uliotolewa na shirika la W3C tarehe 10 Februari 1998 chini ya wahariri Tim Bray, Jean Paoli na C. M. Sperberg-McQueen, unaorodhesha malengo 10, na lile la kumi linatamka wazi kuwa ufupi wa alama una umuhimu mdogo kabisa. Haukuwa uzembe. XML imezaliwa na SGML, kiwango cha mwaka 1986, ambacho kilimruhusu mwandishi kuacha tagi za kufungia pale ambapo mashine ingeweza kuzikisia yenyewe. Herufi ziliokolewa, lakini kuandika programu ya kuisoma SGML yote kukawa kazi ya kumtoa mtu jasho. Mara hii wakaamua kila kinachofunguliwa kifungwe, tena kwa jina lake kamili.

Gharama yake inaonekana katika mstari mmoja tu:

<tarehe>2019-03-04</tarehe>

Tarehe yenyewe ina herufi 10. Tagi mbili zinazoizunguka zina herufi 17. Ukiwa na rekodi milioni moja za namna hii, unahifadhi megabaiti 17 za neno lilelile likijirudia, kufungua na kufunga. Ndiyo maana mafundi wengi wa kompyuta, ukiwatajia XML, jambo la kwanza watakalolalamikia ni unene wake.

Lawama hiyo ni ya haki kwa faili lililolala kwenye diski. Kwa hifadhidata imekosea mlango. Hifadhidata ya XML inapopokea faili, hutengeneza orodha ndogo ya majina yote ya tagi na kulipa kila jina namba. Neno "tarehe" huandikwa mara moja katika orodha hiyo; kwingine kote hubaki namba yake, baiti moja au mbili. Tagi ya kufungia haihifadhiwi kabisa, kwa sababu mahali pa kufunga panajulikana kutokana na umbo la data. Kwa hiyo ule unene uliosababisha makelele yote huyeyuka saa ileile ya kupakia. Hata hivyo, msimamizi akienda kuangalia folda ya hifadhidata yake anaweza kuikuta ni kubwa kuliko faili alilolipakia, wakati mwingine kwa mbali. Nafasi hiyo imeliwa na nini? Imeliwa na maandalizi ya kujibu maswali haraka, na sura hii inahusu namna ya kuamua maandalizi yapi yanastahili kulipiwa.

Mfano utakaotutembeza ni sheria za nchi, na kuna sababu. Moja ya matumizi ya XML yenye mizizi Afrika Mashariki ni Akoma Ntoso, muundo wa kuandikia sheria na kumbukumbu za bunge, uliotokana na mradi wa Umoja wa Mataifa kwa mabunge ya Afrika ulioendeshwa kutoka Nairobi. Monica Palmirani na Fabio Vitali wa Chuo Kikuu cha Bologna ndio walioongoza ubunifu wake, na mwaka 2018 shirika la OASIS likaupitisha kuwa kiwango cha kimataifa. Sheria inaufaa sana mtindo wa mti ambao XML inautaka: sheria ina sehemu, sehemu ina vifungu, kifungu kina vifungu vidogo, navyo vina aya. Nikiurahisisha muundo huo na kutumia majina ya Kiswahili badala ya yale rasmi, kipande cha sheria kitakuwa hivi:

<sehemu namba="3">
  <kifungu namba="14">
    <kichwa>Leseni ya uvuvi</kichwa>
    <aya>Mwombaji atawasilisha maombi yake kwa maandishi.</aya>
  </kifungu>
</sehemu>

Kila kipande hapa, iwe elementi, sifa au maandishi, ni nodi moja ya mti. Sasa mwanasheria anauliza: vifungu gani vya Sehemu ya 3 vinataja leseni? Bila maandalizi yoyote mashine itasoma mkusanyiko mzima wa sheria, kuanzia herufi ya kwanza hadi ya mwisho. Kwa sheria moja hilo si neno, linakwisha kabla hujapepesa jicho. Kwa sheria zote za nchi pamoja na marekebisho yake ya miaka 60, huku watu 200 wakiuliza kwa wakati mmoja, seva itainua mikono.

Namba za ukoo

Maandalizi ya kwanza ni kuipa kila nodi namba inayoeleza ukoo wake. Maswali karibu yote ya XML ni maswali ya ukoo: nani mzazi wa aya hii, nani ndugu yake anayefuata, je, aya hii iko ndani ya Sehemu ya 3? Namba ikichaguliwa vizuri, swali kama hilo linajibiwa kwa hesabu bila kuugusa mti wenyewe. Hapo ndipo watu wa fani hii wamepoteza usingizi zaidi, na kisa cha eXist kinaonyesha kwa nini.

eXist ni hifadhidata huria iliyoanzishwa mwaka 2000 na Mjerumani Wolfgang Meier. Inatumika hadi leo. Tovuti ya Ofisi ya Mwanahistoria ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, yenye majuzuu ya nyaraka za kidiplomasia ambamo jina la Nyerere linapatikana mara nyingi, inaendeshwa juu yake. Katika matoleo yake ya awali ilijengwa juu ya wazo lililochapishwa mwaka 1996: ujifanye kwamba kila nodi katika mti ina idadi sawa ya watoto, yaani idadi ya yule mwenye watoto wengi kuliko wote, kisha uhesabu nafasi zote kwa mfululizo, zilizojaa na zilizo tupu. Mzizi ni 1. Kama idadi hiyo ni 60, watoto wa mzizi wanachukua namba 2 hadi 61, watoto wa nodi ya 2 wanachukua 62 hadi 121, na kuendelea.

Uzuri wake ni wa kustaajabisha. Ukitaka mzazi wa nodi yoyote, toa 2 kwenye namba yake, gawanya kwa 60, acha sehemu ya desimali, ongeza 1. Nodi ya 100: 98 ukigawanya kwa 60 unapata 1 na kitu, ongeza 1, mzazi ni nodi ya 2. Hakuna diski iliyosomwa, hakuna faharasa iliyofunguliwa. Kwa kasi, ni vigumu kuishinda hesabu ya kutoa na kugawanya.

Lakini angalia linalotokea kwa nafasi. Tuseme sheria yetu ina sehemu 8, na moja kati yake, ya leseni, ina vifungu 60 huku nyingine saba zikiwa na vifungu 5 kila moja. Vifungu halisi ni 95. Namba zilizotengwa kwa ngazi hiyo ni 60 mara 60, yaani 3,600. Ngazi inayofuata inatengewa 216,000, na ile ya chini yake 12,960,000, kwa ajili ya sheria ambayo pengine haifiki nodi 2,000. Namba tupu hazikai kwenye diski, kwa hiyo mtu angeweza kusema hazidhuru. Zinadhuru kwa njia nyingine: namba zenyewe zinazidi urefu. Sitini kumi na moja zikizidishwa pamoja zinatoa namba isiyoingia katika biti 64, na hapo waraka unakataliwa kwa sababu tu una ngazi nyingi. Orodha ya DBLP ya machapisho ya sayansi ya kompyuta, iliyoanzishwa na Michael Ley huko Trier mwaka 1993, imeshapita rekodi milioni 5, zote zikiwa watoto wa mzizi mmoja. Kwa mpango huu namba zingekwisha katika ngazi ya tatu.

Meier aliliona hilo na akapunguza ukali: kila ngazi ya mti ikapewa idadi yake ya juu badala ya idadi moja kwa mti mzima. Sheria yetu sasa inatengewa 8 kwa sehemu, 480 kwa vifungu, na kama kifungu chenye vifungu vidogo vingi kina 12, ngazi hiyo inapata 5,760. Hali ilikuwa nafuu sana. Kilichobaki ni ugonjwa wa pili, nao haukuwa na dawa ndani ya mpango huo: marekebisho. Bunge likiongeza kifungu cha 61 katika sehemu ya leseni, idadi ya juu ya ngazi inabadilika, na namba za kila kilicho chini yake zinapaswa kuhesabiwa upya. Kila faharasa iliyozitaja namba za zamani nayo inaandikwa upya. Kwa mkusanyiko wa sheria, ambao kazi yake kubwa ni kurekebishwa, hili halivumiliki.

Mwaka 2006 eXist ikahamia kwenye namba za aina ya nukta, zinazofuata wazo ambalo mkutubi Melvil Dewey alilitumia kupanga vitabu tangu 1876. Sehemu ya 3 ni 1.3, kifungu chake cha pili ni 1.3.2, aya ya kwanza ya kifungu hicho ni 1.3.2.1. Ukoo wote umo ndani ya namba: kata kilicho baada ya nukta ya mwisho umpate mzazi. Kuingiza kitu kati ya 1.3.2 na 1.3.3 kunawezekana kwa kuongeza ngazi ndogo, 1.3.2/1, bila kumgusa jirani yeyote. Microsoft walifanya jambo linalokaribiana na hili katika SQL Server ya 2005 kwa mpango uitwao ORDPATH: mwanzoni wanagawa namba witiri tu, 1, 3, 5, na zile shufwa wanaziweka akiba kwa wageni watakaokuja baadaye. Atakayeingia kati ya 1 na 3 anapewa 2.1.

Biashara iliyofanyika hapo iko wazi. Namba ya zamani ilikuwa na urefu mmoja, baiti 8, na hesabu yake ilikuwa nyepesi. Namba ya nukta inarefuka kadiri nodi inavyozama, kwa kuwa inabeba mababu wote mgongoni, na kulinganisha namba mbili za urefu tofauti ni kazi zaidi ya kulinganisha namba mbili za kawaida. Katika waraka wenye ngazi 30 na zaidi, kama ule wa michanganuo ya sentensi wanaoutumia wanaisimu, namba hizo zinaweza kuchukua nafasi kubwa kuliko maneno yenyewe. eXist ililipa nafasi kidogo na kasi kidogo ili inunue uhuru wa kubadilisha. Kwa maoni yangu walifanya uamuzi sahihi, na waliuchelewesha.

Baiti 16 kwa kila nodi

Chuo Kikuu cha Konstanz, kusini mwa Ujerumani, walipita njia nyingine. Mwaka 2002 Torsten Grust alionyesha kwamba ukiipa kila nodi namba mbili, moja ya zamu ya kufunguliwa na nyingine ya zamu ya kufungwa, maswali ya ukoo yanageuka kuwa ulinganisho wa kawaida: mzao wa nodi ni yule aliyefunguliwa baada yake na kufungwa kabla yake. Hilo lina maana kubwa kuliko linavyoonekana, kwa sababu hifadhidata za majedwali zilikuwa na miaka 30 ya ujuzi wa kutafuta namba zilizo kati ya mipaka miwili.

Katika chuo hichohicho, mwaka 2005, Christian Grün alianza kuijenga BaseX, na humo wazo hilo limekamuliwa hadi tone la mwisho. Kila nodi inapata mstari mmoja wa baiti 16 kamili. Ndani ya baiti hizo kuna aina ya nodi, namba ya jina lake, umbali wake kutoka kwa mzazi, idadi ya wazao wake pamoja na yeye mwenyewe, na mahali maandishi yake yalipo. Zamu ya kufunguliwa haiandikwi popote. Ni nafasi ya mstari wenyewe katika jedwali. Kifungu kilicho kwenye mstari wa 5 chenye ukubwa wa 8 kina wazao kuanzia mstari wa 6 hadi wa 12, na mashine inaisoma mistari hiyo kwa mfululizo bila kurukaruka. Ukurasa wa diski wa baiti 4,096 unabeba nodi 256 barabara. Nodi milioni 10 ni megabaiti 160, na kwa mashine za leo hizo zinaingia zote kwenye kumbukumbu ya ndani na nafasi ikabaki.

Kumbuka wanachoandika ni umbali kutoka kwa mzazi, wala si namba ya mzazi. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoiokoa BaseX wakati wa marekebisho. Tawi zima likisogezwa mbele kwa sababu kitu kimeingizwa juu yake, umbali wa ndani ya tawi haubadiliki. Kinachorekebishwa ni ukubwa wa mababu na umbali wa ndugu wanaofuata. Ubahili wa nafasi na urahisi wa kubadilisha vimepatikana kwa pamoja, jambo ambalo katika fani hii si la kila siku.

Faharasa ya maneno na viambishi vyetu

Hadi hapa tumelipia umbo. Sasa yaje maneno. Mwanasheria anatafuta "leseni", na mti hata uwe na namba nzuri namna gani hauwezi kumwambia neno hilo liko wapi. Panahitajika faharasa, ileile ya nyuma ya kitabu: maneno kwa mpangilio wa alfabeti, na kila neno na orodha ya mahali lilipo.

BaseX hutengeneza kwa kawaida yake faharasa ya maandishi mazima ya nodi na ya thamani za sifa. Hizo zinajibu maswali kama "namba ni 14" au "kichwa ni Leseni ya uvuvi", neno kwa neno. Faharasa ya kila neno lililo ndani ya maandishi haitengenezwi mpaka uiombe, na sababu ni ukubwa: kila neno la kila aya linapata kumbukumbu yake.

Kwa Kiswahili jambo hili lina ugumu ambao waliobuni vyombo hivi hawakuulenga. Chukua kitenzi "omba". Katika sheria kinaweza kuja kama anaomba, aliomba, ameomba, ataomba, wanaomba, waliomba, akiomba, asipoomba, aliyeomba. Viambishi 6 vya nafsi mara vinne vya njeo vinatoa maumbo 24 kabla hatujagusa virejeshi, ukanushi, na minyambuliko ya kuombwa na kuombea. Kitenzi cha Kiingereza cha kawaida kina maumbo manne hivi, tena yanatofautiana mwishoni. Ndiyo sababu programu za kupunguza maneno hadi mzizi, kama ile maarufu ya Martin Porter ya mwaka 1980, hufanya kazi ya kukata mikia. Zikiletewa "walioomba" hazina la kukata, kwa sababu mzigo uko kichwani.

Matokeo yake ni mawili, na yote yanaumiza. Faharasa inanenepa, kwa kuwa kila umbo linajiandikisha kama neno jipya. Halafu, baada ya kunenepa kote huko, haisaidii: imepangwa kwa herufi ya kwanza, na mzizi wa kitenzi chetu umekaa katikati. Mwanasheria anayetaka kila mahali panapotajwa kuomba itabidi aulize neno lolote lenye "omba" ndani yake, na swali la aina hiyo linailazimisha mashine kupitia orodha nzima ya maneno.

Watu wengi wakifika hapa hukimbilia kuongeza nafasi. Wanavunja kila neno kuwa vipande vya herufi tatutatu. "Walioomba" inatoa vipande 7, wal, ali, lio, ioo, oom, omb, mba, na kila kipande kinaelekeza kwenye kila aya kilipotokea. Swali la "omba" linakuwa swali la makutano ya omb na mba. Linajibiwa haraka, na faharasa inavimba mara kadhaa. Tena inaleta wageni ambao hawakualikwa: kwenye sheria ya uvuvi, "kusomba" samaki nako kuna omb na mba.

Ipo njia ya kati ambayo sielewi kwa nini haitumiki zaidi. Vunja vipande maneno yaliyo katika orodha ya maneno, uache aya kama zilivyo. Mkusanyiko mzima wa sheria unaweza kuwa na maneno mamilioni, lakini maneno tofauti, kila moja likihesabiwa mara moja, ni sehemu ndogo sana ya hayo. Vipande vya herufi tatu vikielekeza kwenye orodha hiyo tu, gharama inakuwa ndogo; mashine inapata kwanza maumbo yote yenye "omba", inayachuja, kisha inafuata faharasa ya kawaida. Hatua moja ya ziada, na nafasi kidogo. Njia bora kuliko zote ni kichanganuzi cha mofolojia ya Kiswahili kinachoiweka "walioomba" chini ya "omba" wakati wa kupakia. Hicho huhamishia gharama yote kwenye upakiaji, na kinapokosea hukosea kimyakimya.

Kubana, na kuulizia kilichobanwa

Mtu atauliza, kwa nini tusibane tu kila kitu kama zipu? Mafaili ya Word yenye kiambishi docx ni XML iliyobanwa kwa zipu. Badilisha kiambishi kuwa zip, lifungue, utaziona tagi. Mwaka 2000 Hartmut Liefke na Dan Suciu walikwenda mbali zaidi kwa XMill. Walitenganisha umbo la mti na maandishi, wakayakusanya maandishi kwa aina, tarehe zote pamoja, majina yote pamoja, kisha wakakibana kila kikapu peke yake. Vitu vinavyofanana hubanika vizuri vikiwa pamoja, na mara nyingi waliyafikisha mafaili kwenye nusu hivi ya ukubwa ambao programu ya kubana ya gzip ingeufikia. Ila huwezi kuuliza chochote mpaka ufungue mzigo. XMill ni chombo cha ghala.

Miaka miwili baadaye Wahindi wawili wa Bangalore, Pankaj Tolani na Jayant Haritsa, walileta XGrind, inayobana kila thamani peke yake na kuacha mti mahali pake. Swali la "tarehe ni 2019-03-04" linajibiwa kwa kuibana tarehe ya swali na kulinganisha vilivyobanwa kwa vilivyobanwa. Ubanaji wake ni hafifu kuliko wa XMill, na hilo lilitarajiwa: vitu vikibanwa kimojakimoja haviwezi kusaidiana.

Lililonishangaza mimi ni lililofuata. Guy Jacobson alikuwa ameonyesha mwaka 1989 kwamba umbo la mti linaweza kuandikwa kwa takriban biti 2 kwa kila nodi, na bado ukatembea ndani yake, kwa mzazi, kwa mtoto, kwa ndugu. Nodi zetu milioni 10, kwa umbo tu, ni megabaiti 2.5. Mwaka 2010 kundi la watafiti wakiwemo Gonzalo Navarro wa Chile, Sebastian Maneth na Veli Mäkinen waliunganisha miti ya namna hiyo na faharasa iliyobuniwa na Ferragina na Manzini, ambayo inabana maandishi na papo hapo inaweza kutafuta mfuatano wowote wa herufi ndani yake, uwe mwanzoni, katikati au mwishoni mwa neno. Mfumo wao unaitwa SXSI. Msomaji wa Kiswahili atatambua kwamba hicho ndicho tulichokuwa tukikihitaji kwa "omba".

Kinachouzuia kuenea ni marekebisho. Data iliyofumwa kwa ubanaji wa kiasi hicho haikubali aya mpya katikati bila kufumuliwa, na kila hatua ndani ya mti inagharimu hesabu za biti ambazo jedwali la baiti 16 halizihitaji. Mwaka 2016 Manos Athanassoulis na wenzake waliliandika hili kama dhana ya jumla: kasi ya kusoma, kasi ya kubadilisha na udogo wa nafasi ni pande tatu, na ukizifinya mbili sana, ya tatu inatoka. Kwa muda mrefu tulizungumza kana kwamba pande ni mbili. BaseX inakiri upande wa tatu waziwazi: data ikibadilika, faharasa zake za thamani huhesabiwa zimepitwa na wakati mpaka msimamizi azijenge upya, isipokuwa kama aliagiza tangu mwanzo zisasishwe kila mara na akakubali uandishi wa polepole.

Jambo moja linavuruga hesabu hizi zote, nalo ni kwamba udogo wenyewe ni kasi. Kusoma kitu kwenye kumbukumbu ya ndani kunachukua karibu nanosekunde 100. Kichwa cha diski ya kuzunguka kinahitaji karibu milisekunde 10 kufika mahali. Tofauti ni mara 100,000. Faharasa ya pili inayoisukuma ya kwanza nje ya kumbukumbu ya ndani inaweza kuyachelewesha maswali iliyoletwa kuyaharakisha. Nimeona watu wakiongeza faharasa baada ya faharasa na kuilaumu XML.

Kwa mkusanyiko wa sheria za nchi uamuzi wangu ungekuwa huu. Jedwali la umbo libaki bila kubanwa. Faharasa ya sifa iwepo, kwa sababu watu hutafuta kifungu kwa namba yake. Faharasa ya maneno iwekwe kwenye vichwa na aya tu. BaseX na eXist zote zinaruhusu kutaja elementi zinazohusika, na ni ajabu ni wangapi hawaitumii ruhusa hiyo. Matoleo ya sheria yaliyofutwa yabanwe kwa nguvu zote na yahamishiwe kwenye hifadhidata yao pembeni, maana hayatarekebishwa tena na ni wachache watakaoyauliza.

Nawe, kabla ya kuomba fedha za diski nyingine, fungua kumbukumbu za seva yako usome maswali ambayo watu waliuliza mwezi uliopita. Faharasa ambayo haikuguswa na swali hata moja, ifute.